Matawi Niliyoyaondoa Njia ya Kasansa

Mmeniuliza, kila mmoja kwa namna yake, kwa nini nimerudi na nusu ya uso imebabuka na nusu nyingine iko kama nilivyoondoka. Nimekuwa nikiwajibu kwamba jua la Katavi linachagua. Mlicheka, nami nikacheka nanyi, na kila nilipocheka nilijisikia vibaya zaidi. Sasa nawaandikia yote, kwa mpangilio wa njia nilivyoipita. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini sikuweza kuyasema mezani, mbele ya chai.

Tabora hadi Mpanda

Mnajua nilikwenda kufanya nini. Mwalimu Anastazia, rafiki yangu wa tangu chuoni, anafundisha shule ya msingi Kasansa, na barabara inapita mbele ya shule hiyo. Aliniomba niandike hadithi fupi ya kuwafundisha watoto kuvuka. Niliiandika kwa wiki tatu. Niliipa jina "Kulia, Kushoto, Kulia Tena", na niliipenda kupita kiasi. Ndani ya treni niliisoma tena na tena, nikibadilisha neno hapa, nikilirudisha pale, na kila mara nikijipongeza.

Treni ilisimama Kaliua kwa muda mrefu kuliko alivyoahidi mtu yeyote. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Katumba aliyekuwa na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Akaniuliza kazi yangu.

"Mimi ni mwandishi, mama."

Uso wake ukachangamka. "Unaandikisha mbolea ya ruzuku?"

"Hapana. Naandika hadithi."

"Hadithi za nani?"

"Za watu."

"Na hao watu wanajua?" Akanimenyea muhogo, akanikabidhi. "Haya, kula. Lakini mbolea ikija, jina langu uandike la kwanza."

Behewa zima lilicheka, mimi nikicheka kuliko wote. Nilitoa daftari langu jeusi nikaandika swali lake, *na hao watu wanajua*, kwa sababu lilikuwa na mdundo mzuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisafiri. Nilikuwa nikiokota maneno ya watu kama mtu anayeokota kokoto ufukweni, kwa rangi yake tu.

Mpanda hadi Kibaoni

Mpanda nilipokelewa na Shabani, dereva wa Probox nyeupe iliyokodiwa kwa ajili yangu. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwembamba, na anaongea na gari lake kama mtu anayembembeleza punda. Tuliondoka kabla jua halijapanda, tukanywa supu Sitalike, kisha tukaingia hifadhini.

Ndani ya hifadhi Shabani alikuwa mtu mwingine. Mwendo ukashuka na redio ikazimwa. Twiga alikuwa amesimama pembeni, na Shabani akasimamisha gari kabisa, akamngojea avuke kwa madaha yake yote.

"Huyu ukimgonga umekwisha," akasema. "Watakuuliza mpaka babu yako alikuwa nani."

"Na binadamu?"

"Kwa binadamu nako wanauliza." Akacheka. "Ila twiga hana ndugu wa kuelewana nao."

Hilo nalo nikaliandika.

Tulipotoka hifadhini kuelekea Kibaoni tulianza kukutana na matawi barabarani. Nyie wa mjini huenda hamkuwahi kuyajali. Lori likiharibika, utingo anakata matawi na kuyatandaza nyuma na mbele yake ili wanaokuja wajue kuna kitu. Lori likipona linaondoka, na matawi yanabaki. Shabani aliyakwepa kwa kona za ghafla huku akitukana kwa upole.

"Hawa jamaa hawana utu. Wakipona wanasahau kuokota. Jana tu bodaboda mmoja kayavaa haya, kaenda mtaroni. Mtu mwenye akili akiyaona anatakiwa ashuke ayatoe."

Mtu mwenye akili. Maneno hayo yalinikaa kichwani.

Kona iliyo mbele ya Kibaoni

Tulikuwa tumeipita Kibaoni kwa mwendo mzuri gari lilipoanza kuchemka. Shabani akaegesha, akafungua boneti, mvuke ukatoka. Akachukua dumu akateremka bondeni kutafuta maji, na mimi nikaanza kutembea mbele kunyoosha miguu.

Kabla ya kona niliyaona matawi mawili ya mjohoro. Nataka niwaambie kwa uaminifu nilichokiona, kwa sababu nilikiona vizuri sana. Nilisimama nikayatazama, nikatoa daftari, nikaandika. Nitawaonyesha baadaye nilichoandika. Halafu nikavua miwani, nikayashika kwa mikono miwili, nikayaburuta hadi mtaroni. Niliangaza mbele na nyuma, sikuona lori. Niliona fahari moyoni, fahari tamu ya mtu anayetenda wema bila shahidi.

Nikaendelea. Upande wa kushoto, nyuma ya ua wa mabua, palikuwa na nyumba ya tofali, moshi, na wanawake kama kumi wamekaa chini kwenye mkeka. Niliwapungia mkono kwa furaha. Hakuna aliyenipungia. Mmoja alinyanyua kichwa akanitazama, akakiinamisha tena. Nikajisemea kwamba wanawake wa huku wana haya. Baada ya hatua kama mia, upande wa pili wa kona, palikuwa na matawi mengine mawili. Nayo nikayatoa, kisha nikarudi garini.

Shabani alipolijaza gari maji tuliondoka taratibu, macho yake yakiwa kwenye mshale wa joto. Tulipopita mbele ya ile nyumba akageuza shingo.

"Kama kuna msiba vile pale."

Nikachungulia dirishani.

"Hapana," akajijibu mwenyewe. "Ingekuwa msiba wangesimamisha matawi."

"Kusimamisha?" nikauliza.

"Ee. La lori linalala chini, wanalitupa tu. La msiba linasimama, wanalishindilia mawe. Ukilikuta limesimama unapunguza mwendo mpaka unapita, maana watu wanavuka ovyo, wana huzuni, hawaangalii. Kwenu mjini hamna hiyo?"

Yale yangu yalikuwa yamesimama. Niliondoa mawe kwa mkono wangu mwenyewe, na vumbi la mawe hayo lilikuwa bado kwenye vidole vyangu.

Hapa ndipo safari yangu ilipotakiwa kugeuka. Sentensi moja tu ingetosha: *Shabani, rudi, nimeyatoa mimi.* Angecheka kwa dakika mbili, angeniita mshamba wa mjini, tungeyarudisha, tungeomba radhi, na leo ningewasimulia mezani kama kichekesho. Lakini nilimwona akilini akiwasimulia madereva wenzake pale stendi, na nilimwona Mwalimu Anastazia akisikia kwamba mwandishi aliyealikwa kufundisha usalama barabarani ameanza kwa kung'oa alama za barabarani. Nikaona aibu. Nikajiambia kwamba tutakaporudi jioni nitayarejesha kimya kimya.

"Mjini hamna," nikasema.

Kasansa

Watoto walikuwa wamekaa kwa mistari, wengine wakiwa na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Niliwasomea hadithi yangu. Nilipofika kwenye kiitikio walipaza sauti wote, "Kulia! Kushoto! Kulia tena!" na shingo mia mbili zikageuka kama shingo moja. Mwalimu Anastazia alijifuta machozi. Mwalimu mkuu akasema nimeleta kitu kitakachookoa maisha.

Kitakachookoa maisha. Nilishika mikono ya watu huku vidole vyangu vikinuka utomvu wa mjohoro. Tuliletewa wali na kuku wa kienyeji, na wenyeji wakanisihi niongeze. Nilikula kidogo tu, nikaisogeza sahani. Mara tatu nilitaka kumwambia Shabani tuondoke mapema, na mara tatu mtu alisimama kutoa shukrani.

"Mbona huli?" Anastazia akaniuliza. "Au umekuwa mtu wa chipsi?"

"Nimeshiba sifa," nikamjibu. Akacheka. Hata katika hali ile niliweza kutunga jibu zuri.

Kasansa hadi kona ile ile

Tuliondoka saa kumi kasoro. Gari lilikuwa limepoa, na Shabani alikuwa na furaha ya mtu aliyekula kuku. Alikuwa akiimba. Nilijipangia kwamba tukipita Majimoto nitamwambia. Tulipita Majimoto. Nikasema tukifika kwenye lile kalavati. Tulilivuka. Nikasema nitamwomba asimame nijisaidie, kabla ya kona, nishuke, niyatafute matawi mtaroni, niyasimamishe, na hakuna atakayejua.

"Shabani, utasimama..."

"Wapi?"

"Mbele kidogo."

"Poa. Nipite hii kona kwanza, jua linanipiga machoni."

Alishusha kinga ya jua. Niliona ua wa mabua, na kitambaa chekundu kikipita barabarani, na ndoo ya njano ikiwa hewani peke yake, maji yakiwa yametandazika juu yake kama kitambaa kingine. Sauti haikuwa kubwa. Nilitarajia sauti kubwa.

Shabani alisimamisha gari likiwa limekaa upande. Akashuka kabla yangu, akamkimbilia. Alikuwa mwanamke wa makamo. Alikuwa hai, ameshika paja lake kwa mikono miwili, na mguu chini ya goti ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

"Dada, nisamehe! Dada, sikukuona! Unaitwa nani? Ongea na mimi!"

"Minza," akasema. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo la maana zaidi, "Maji ya kuogeshea marehemu yamemwagika."

Hatua mia

Sehemu hii ya safari ni fupi kuliko zote, na ndiyo niliyochelewa kuimaliza.

Vijana wa msibani walichukua ufunguo wa gari. Mmoja aliyejua kuendesha, pamoja na wanawake wawili, walimpakia Minza humo humo wakamkimbiza kituo cha afya. Sisi wawili tulibaki, tumekalishwa chini kwenye kivuli cha ua. Mtu alitumwa kumwita mtendaji. Hakuna aliyetupiga. Ningependelea kupigwa.

Mwenye msiba alitoka ndani. Ni mama aliyekuwa amefiwa na mumewe alfajiri ile. Walimwita Mama Kulwa. Alisimama mbele ya Shabani.

"Wewe dereva. Sisi tumeweka matawi pande zote mbili. Nimeyakata mimi, kwa panga la mume wangu. Umeyapitaje?"

"Mama, naapa, hakukuwa na tawi hata moja. Mimi ni mtu wa njia hii, nayajua. Ningeliona tawi ningepita kwa mguu!"

"Muongo!" mtu akasema.

"Nendeni mkaangalie!"

Wakaenda, wakarudi. Kweli hayakuwepo.

"Basi yameliwa na ng'ombe," mwingine akasema.

"Ng'ombe gani anayekula mjohoro? Na mawe nayo kala?"

Mzee mmoja akasema pengine ni watoto wa jirani, washughulikiwe. Mtoto mmoja alianza kulia palepale bila kujua analilia nini. Shabani akanigeukia, macho yake yakiwa na imani yote.

"Mwandishi, waambie. Wewe ndiye unayeona kila kitu. Kulikuwa na tawi?"

Nikasema, "Sikuona."

Nimeandika riwaya mbili, na hakuna mstari niliowahi kuuandika unaonirudia kichwani kama neno hilo moja.

Mtendaji alipofika alikuwa mtu mtulivu mwenye baiskeli. Akasema kabla askari hawajaja ni vizuri tuandike maelezo, kila kitu kikiwa bado kibichi. Hakuwa na karatasi.

"Huyu ni mwandishi," Shabani akasema. "Mwandiko wake mzuri. Aandike yeye."

Nikatoa daftari jeusi. Mkono wangu ulifungua ukurasa wa mwisho wenye wino, na ukurasa huo ulikuwa wa asubuhi. Watu walikuwa wakinitazama wakisubiri. Nilijaribu kuufunua uende mbele. Vidole havikutii.

Nikausoma kwa sauti.

"*Matawi mawili ya mjohoro yamesimama kati ya mawe, kama watu wawili wanaongoja usafiri. Utomvu bado unatoka mahali panga lilipopita. Maua ya njano hayajajua kwamba yamekatwa. Nitayatoa njiani, kwa ajili ya wasafiri.*"

Kuku alipita. Shabani alikuwa wa kwanza kuelewa. Alisogea kwenye mkeka, kidogo tu, kama mtu anayeachia nafasi, na nafasi ile aliyoiacha kati yetu naiona mpaka leo.

"Rudia hapo," Mama Kulwa akasema. "Hapo kwenye panga."

Nikarudia.

"Kwa hiyo uliona kwamba yamesimama."

"Ndiyo, mama."

"Uliona mabichi. Uliona mpaka maua."

"Ndiyo."

"Na sisi ulituona. Ni wewe uliyetupungia mkono asubuhi."

"Ni mimi. Sikujua maana yake, mama. Nilikuja kujua baadaye kidogo, huyu aliponiambia. Nikaona aibu kusema."

Shabani akageuka. "Baadaye ipi? Pale pale? Tulipopita?"

"Pale pale."

"Yaani ulikaa nayo kutwa nzima," akasema polepole. "Umekula kuku nayo."

Mama Kulwa hakupaza sauti. Alinitazama kama alivyonitazama asubuhi, na sasa nilimtambua. Ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Mwanangu Kulwa yuko Kapalamsenga kwenye uvuvi. Atafika kesho, na baba yake hazikwi bila yeye. Mpaka kesho hapa watu watavuka. Nenda mtaroni ukayatoe matawi yangu, uyasimamishe. Na wewe usimame hapo hapo. Kwa kuwa tawi peke yake linang'olewa, wewe hutang'olewa."

Kusimama

Nilisimama upande wa Kibaoni. Upande wa Kasansa alisimama Shabani, bila kuambiwa na mtu, kwa kosa lisilokuwa lake. Tulikuwa tukitenganishwa na kona, na sikuweza kumwona, ila nilisikia sauti yake kila gari lilipokuja: "Polepole! Msiba!" Sauti yangu ilikuwa ikikauka, yake ilikuwa imara.

Giza lilipoingia vijana wa pale walituambia tukalale, wakashika zamu. Alfajiri tulirudi. Asubuhi kona ile ina kivuli cha mijohoro, lakini mchana jua linatokea kushoto, na mimi sikuthubutu kuhama. Hiyo ndiyo nusu ya uso wangu mnayoiulizia.

Madereva hawakunionea haya. "Wee kichaa, toka njiani!" "Unauza matawi?" Mmoja wa lori alipunguza mwendo, akatoa kichwa, akaniuliza lori langu limeharibikia wapi. Nikamwambia hakuna lori, kuna msiba, matawi yamesimama. Akavua kofia, akapita kama mtu anayepita kanisani. Hapo nilijua kwamba lugha ile ni mimi peke yangu ninayeisoma vibaya. Wengine wote wanaisoma.

Askari wa barabarani walikuja, wakapima, nikawaeleza yote niliyowaeleza nyie. Saa nne zililetwa habari za Minza: mguu umevunjika mahali pawili, anapelekwa Mpanda. Aliyezileta aliniambia pia kwamba Minza ameuliza kama maji mengine yalipatikana.

Saa nane mchana ilikuja bodaboda kutoka Kibaoni, abiria akiwa amefunikwa na vumbi toka kichwani hadi miguuni, begi likiwa mapajani. Niliinua tawi.

"Polepole, ndugu. Kuna msiba."

Abiria alishuka. Alikuwa kijana wa umri wangu, macho mekundu.

"Najua," akasema. "Ni baba yangu."

Mimi, niliyesafiri na daftari zima la maneno, nikalishusha tawi.

"Umesimama tangu lini?" Kulwa akaniuliza, akitazama midomo yangu iliyopasuka.

"Tangu jana."

Akanishika bega. "Asante sana, kaka. Huku barabara inatumaliza. Mungu akulipe." Na akatembea kuelekea nyumbani kwao, akiwa ameshika kipande cha jani kilichoniangukia begani.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie. Ilikuwa ile ile sentensi moja, kwa mara nyingine. Safari hii niliisema, lakini mgongo wake ulikuwa umeshafika kwenye ua, na vilio vya kumpokea vilikuwa vimeanza, na hakuna aliyenisikia. Aliambiwa baadaye na mama yake. Nilijua kwa sababu wakati wa kurusha udongo, zamu yangu ilipofika, alinipa koleo bila kunitazama.

Kona hadi Mpanda

Tulizika saa kumi. Shabani alirudishiwa ufunguo kwa sharti la kufika kituo cha polisi Mpanda, na mpaka ninapoandika hivi bado anaitwa. Nimekwenda naye mara mbili. Ananijibu ninachomuuliza, na haniiti tena Mwandishi. Minza nilimkuta hospitalini, mguu ukiwa umenyanyuliwa kwa kamba. Nilimwambia mimi ni nani. Akaniambia nimsogezee kikombe. Nilimsogezea, akanywa, akageukia ukutani. Daktari anasema atatembea, ila hatabeba ndoo kichwani kama zamani.

Lakini nataka nimalizie pale konani, tulipokuwa tunaondoka. Watu walikuwa wakitawanyika. Mama Kulwa alitoka barabarani na kanga yake ya msiba, akaenda kwenye matawi ya kwanza. Maua yalikuwa yamenyauka sasa. Aliinama kuondoa mawe, moja moja, akiyapanga pembeni. Nilikimbia, nikainama nami, nikanyoosha mkono kulishika tawi.

Akaliweka nyuma ya mgongo wake, kama mtu anayemficha mtoto.

"Acha," akasema. "Haya niliyaweka mimi."

Nikarudi nyuma, nikasimama pembeni ya barabara. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, kisha akavuka peke yake, akiyaburuta.